Herufi ya Pili

Mimi ndiye ninayetunza masijala ya kikosi chetu, na kwa miaka minane nimechapa sifa za watu mpaka vidole vikaota sugu. Kuna askari mmoja nilimchapa "mchapakazi asiyechoka" huku namwona dirishani amelala chini ya lori, kofia usoni. Sikusema kitu. Mkubwa anaandika, mdogo anachapa, mhuri unagongwa, faili linafungwa. Wenzangu wananiita Afande Mihuri. Sijui kama ni heshima au dhihaka, maana kila anayeniita hivyo huwa anacheka.

Sasa mwaka huu Afande Mihuri alitaka kuwa afisa. Cheka taratibu, tafadhali. Kutaka nilianza zamani, ila kila mwaka nilipata sababu. Mwaka mmoja nilisema mama anaumwa, na kweli alikuwa na mafua. Mwaka mwingine nikasema kuna ukaguzi, kana kwamba kuna mwaka usio na ukaguzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, basi. Lakini safari hii uoga ulikosa pa kukaa: anayeomba chuo cha maafisa lazima awe hajatimiza miaka thelathini siku ya mwisho ya maombi, na mimi thelathini yangu ilikuwa mwezi unaofuata. Nikikosa sasa, nitagonga mihuri mpaka nistaafu.

Kinachotakiwa ni hiki. Maafisa watatu wanakuhoji, kila mmoja kwa wakati wake, kisha kila mmoja anajaza fomu ya tathmini: alama mpaka kumi, na chini yake maelezo kwamba wewe ni mtu wa namna gani. Afisa anajaza kwa mkono, masijala inachapa nakala safi, afisa anaisaini hiyo iliyochapwa, na Ijumaa saa sita mchana gari la barua linaondoka nazo kwenda makao makuu. Umeona kasheshe ilipo? Masijala ni mimi. Msaidizi wangu alikuwa likizo, amejifungua. Kwa hiyo sifa zangu nilipaswa kuzichapa kwa mikono yangu mwenyewe. Mganga hajigangi, wanasema, lakini kuhusu karani hawakusema kitu.

Jumatatu nilianza na Meja wa ugavi. Mama alikuwa amenipigia kombati pasi mara tatu. Mama yangu ni fundi cherehani, tunaishi naye vyumba viwili nyuma ya kambi, na chumba cha mbele ni cha cherehani, vitambaa na wateja wanaodai nguo zao za wiki iliyopita. Aliponiona natoka alisema, "Nenda mwanangu, ila usibinue mdomo. Ukibinua mdomo unafanana na baba yako." Nikaenda nimeubana mdomo mpaka ukaniuma.

Meja alinipokea katikati ya mablanketi na mabuti ya kila namba. "Haya Sajenti, kwa nini unataka kuwa afisa?"

Nilikuwa na hotuba nimeikariri wiki nzima. Nikavuta pumzi. "Afande, tangu utotoni..."

"Utotoni!" akasema Meja, akaegemea kiti. "Umenikumbusha mbali."

Akaanza kusimulia utoto wake. Kutoka hapo akahamia ujana, akaingia jeshini, akaoa, akagombana na shemeji yake kuhusu kiwanja. Dakika hamsini. Mimi nilisema "ndiyo Afande" mara zisizo na hesabu na "loo, Afande!" mara nne, pale kwenye kiwanja. Mwisho akatazama saa, akachukua fomu, akanipa kumi juu ya kumi, akaandika: "Anajieleza vizuri sana."

Jumanne ilikuwa zamu ya Mkuu wa kikosi. Aliniuliza maswali kumi na mawili, nami niliyajibu yote bila kusita, kwa kuwa yote yalihusu mahali faili fulani lilipo. Akanipa tisa, akaandika: "Ninampendekeza kwa masikitiko." Nikatoka pale nimevimba kichwa. Nikajiambia, kumbe uafisa wenyewe ndio huu? Mbona nilijichelewesha?

Jumatano nikaenda kwa Kapteni Daktari.

Huyu ni mtu wa maneno machache, mganga mkuu wa zahanati ya kambi, na nilikuwa namwogopa hata nikiwa mzima. Kiti cha wageni kilikuwa na maboksi ya dawa, kwa hiyo akanionyesha kitanda cha wagonjwa. Nikapanda. Jamani, hebu fikiria, mtu anaomba kuwa afisa huku miguu inaning'inia haifiki sakafuni.

"Taja jambo moja linaloharibika kwenye kikosi hiki," akasema, "na nani analiharibu."

Kila aliyekaa jeshini anajua jibu la swali hilo. Jibu ni "hakuna, Afande." Nilikuwa nalo ulimini kabisa. Lakini mdomo huponza kichwa, na siku hiyo nilikuwa bado nina zile kumi za Meja zinanilevya.

"Ni mwandiko wako, Afande."

Akanyanyua macho. Hapo mtu mwenye akili angejitia anakohoa. Mimi nikaendelea. "Vyeti vyako vinakuja masijala hatuvisomi. Tunakisia. Mwezi wa pili kuna askari wa goti ulimwandikia mapumziko ya siku saba, mimi nikaisoma moja. Nikachapa moja. Akarudishwa mazoezini kesho yake, goti likafumuka. Sasa anachechemea, Afande."

Mizani ya kupimia watu ilikuwa pale kando yangu na nilitamani kujificha nyuma yake.

"Kwa nini hukuja kuuliza?" akasema.

"Niliogopa, Afande."

Akainama, akaandika mistari miwili chapuchapu, akaikunja fomu, akanipa. "Nenda."

Nilijifungia masijala nikaikunjua. Alama saba, hiyo niliisoma, safari hii aliikata katikati kwa mstari mrefu wa hasira. Chini yake: "Sajenti huyu ni..." na hapo pakawa na neno. Baada ya neno: "Maafisa wa namna hii tunao wachache."

Neno lilianza na j, likaishia na ri. Katikati palikuwa na vita. Herufi ya pili ilikuwa kiduara ambacho kingeweza kuwa a, na kingeweza kuwa e iliyolewa. Baada yake kulikuwa na kilima kimoja au viwili. Nikahesabu nukta: zilikuwa mbili na nusu. Nikaipeleka karatasi dirishani, nikaigeuza, nikaisogeza mbali, nikafumba jicho moja. Jasiri au jeuri. Ama mimi ni jasiri, na maafisa wa namna hiyo ni wachache na jeshi linawahitaji, ama mimi ni jeuri, na wako wachache na jeshi linashukuru. Saba yenyewe haikunisaidia kitu. Saba anaweza kupewa jasiri asiye na adabu, na anaweza kupewa jeuri mwenye kazi nzuri.

Ndipo nikafanya upuuzi wa kwanza. Nililinakili lile neno kwenye kipande cha karatasi, kiduara kwa kiduara, nikaanza kulitembeza kama mtu anayetafuta mwenye nyumba. Wa kwanza alikuwa koplo anayeendesha gari la barua, tunamwita Breki kwa sababu hazitumii.

"Jeuri," akasema hapohapo.

"Mbona hujatazama hata vizuri?"

"Kwani nimekujua leo?"

Mpishi mkuu alilishika kwa mikono yenye unga, akalitafakari, akasema ni "jirani". Sajenti huyu ni jirani. Nikamshukuru.

Mchana nikampelekea mama. Akavaa ile miwani yake ya kutungia uzi, akakitazama kile kikaratasi mara moja tu, akarudisha macho kwenye cherehani. "Jeuri."

"Umesoma, mama?"

"Sijasoma. Nimekuzaa."

"Mama, hili ndilo neno litakaloamua maisha yangu."

"Basi nenda kamuulize aliyeandika. Mdomo si unao? Umeubana wiki nzima, leo ufungue."

Rahisi kusema. Ukimwuliza, atajibu, na akishajibu hakuna tena kukisia. Nilipenda kukisia. Ndani ya kukisia nilikuwa bado jasiri kwa nusu.

Alhamisi asubuhi nikakaa kwenye mashine, nikapasha vidole, nikachapa: jasiri. Herufi sita, sekunde mbili. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nikaenda zahanati. Foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika nje, Kapteni Daktari anapima mtu kifua, nikamsogezea karatasi, akaiweka juu ya goti lake, akasaini bila kusoma. Hakuna afisa anayesoma ninachochapa. Mimi ndiye ninayejua hilo kuliko mtu yeyote kambini, na nilikuwa nimelihesabia.

Nikatoka pale natabasamu peke yangu. Kumi, tisa na jasiri! Nilishaanza kuchagua nani nitamtuma chai nikiwa Luteni. Nikafika langoni, na aliyekuwa zamu langoni ni yule wa goti. Baada ya goti kufumuka walimtoa mazoezini wakampa kazi ya kuinua kizuizi, na alikuwa mwanambio wa kikosi, huyo.

"Vipi Afande Mihuri," akasema, "mbona unacheka mwenyewe? Tupe na sisi."

Akaja kuniinulia kizuizi. Hatua nne tu kutoka kwenye kibanda, na kila hatua anavuta mguu. Alikuwa anaamini daktari alimkosea. Wote waliamini hivyo. Mimi niliacha waamini, maana karani hana kosa, karani anachapa tu.

Tabasamu likanikauka usoni. Nilimwambia daktari kwa kiburi, nimekaa juu ya kitanda chake, kwamba kukisia kunaumiza watu. Siku ya pili yake nimekisia tena, safari hii kwa kujipendelea, na nimeshapata sahihi. Jasiri! Thubutu! Hata neno lenyewe lilikuwa linanicheka.

Jioni mama aliniuliza kama nimeuliza, nikamwambia nimeshachapa. Hakunijibu. Mama yangu akinyamaza ujue kuna jambo, kwa kuwa hata cherehani akiipa mafuta huwa anaisemesha.

Ijumaa saa nne nilikuwa mlangoni kwa Kapteni Daktari na karatasi mbili, ya mkono na iliyochapwa. Gari la barua linaondoka saa sita. Nikaomba ruhusa, nikaweka ile ya mkono mezani, nikaweka kidole.

"Afande, naomba kuuliza. Neno hili ni lipi?"

Akaivuta karatasi. Akaigeuza kidogo. Akaisogeza mbali na macho, halafu karibu. Nakuapia, mtu mwenyewe aliyeandika alichukua nusu dakika.

"Jeuri," akasema.

Nilikuwa najua. Nadhani nilijua tangu dakika ile niliyoikunjua.

"Kwani wewe ulichapa nini?"

"Jasiri, Afande."

"Na mimi nikasaini?"

"Ukasaini, Afande."

"Bila kusoma."

"Bila kusoma, Afande. Kama siku zote."

Hilo la mwisho lilinitoka lenyewe. Akavua miwani, akajisugua macho, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu mzima aliyechoka. Nilitegemea atasema "basi, iache ilivyo." Nilikuwa naomba kimoyomoyo aseme hivyo. Wallahi, niliomba.

"Kachape upya," akasema. "Nitaisoma."

Nikakimbia masijala. Nilichapa j, nikasimama. Nikachapa e. Nimechapa adhabu za watu, nimechapa vifo vya watu, lakini herufi ile ilikuwa nzito kuliko zote. Saa tano na nusu nikairudisha. Akaisoma yote, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, akasaini. Breki alikuwa ameshawasha gari. Nikamkabidhi bahasha, akauliza, "Limetoka neno gani?" Nikamwambia. Akasema, "Si nilikwambia?" akaondoka kwa mwendo wake ule.

Jioni nilipopita langoni nilimwambia yule wa goti. Nilisema yote: saba, moja, na kwamba mkono uliochapa ulikuwa wangu. Siku tatu aliinua kizuizi bila kunitazama. Siku ya nne akasema, "Pita." Sikustahili hata hilo, nikapita.

Baada ya wiki mbili nikaitwa makao makuu mbele ya jopo. Meza ndefu, makanali watatu, na wa katikati alikuwa mama mwenye mvi fupi aliyekuwa na fomu zangu zote. Akazisoma kwa sauti. "Anajieleza vizuri sana. Ninampendekeza kwa masikitiko." Akanitazama. "Jeuri."

"Ndiyo, Afande."

"Mchapaji, hapa chini, ni wewe."

"Ni mimi, Afande."

"Umekaa mwenyewe kwenye mashine, ukajichapa kwamba wewe ni jeuri." Wale wawili wakatabasamu. Na yeye alikuwa karibu kutabasamu. "Hukushawishika kuweka neno lingine?"

Tazama jinsi alivyonifungulia mlango. Ningesema "nilishawishika, Afande," tukacheka wote wanne, nikatoka nimeacha sifa nzuri nyuma yangu. Na isingekuwa uongo. Ingekuwa kweli iliyokatwa mkia. Nilishakuwa na hilo jibu ulimini.

"Nililiweka, Afande," nikasema. "Nilichapa jasiri, nikaipeleka, ikasainiwa. Nilikaa nayo siku nzima."

Matabasamu ya pembeni yakazimika.

"Unajua hilo ni kosa?"

"Najua, Afande."

"Na hakuna aliyegundua."

"Hakuna, Afande."

"Ulirudi kwa nini?"

Nikawaeleza habari ya goti. Niliieleza vibaya, nikarukaruka, nikaanza kulia katikati, nikaomba radhi, nikaendelea kulia. Kwa mtu ambaye anajieleza vizuri sana, ilikuwa aibu tupu. Mama Kanali akaandika kitu kirefu, akaniambia naweza kwenda. Njiani kurudi nilijitukana kwa kila tusi ninalolijua, na jeshini nimejifunza mengi. Nilijua nimeshajikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Majibu yakaja siku ya Jumanne na barua nyingine za kikosi, na kwa kuwa barua zote hufunguliwa masijala, nilizifungua mimi. Zilikuwa mbili zenye jina langu. Ya kwanza ilikuwa onyo kali la maandishi, likae kwenye faili langu siku zote za utumishi. Nikaisoma nimesimama. Nikaipa namba, nikaigonga mhuri wa kupokelewa, nikaandika tarehe. Ya pili nilidhani ni nakala ya hiyohiyo, karibu niiweke kwenye rafu bila kuifungua. Nikaifungua kwa mazoea tu. Ilisema niripoti chuo cha maafisa tarehe mosi.

Nikakaa chini. Nikainuka. Nikaipa nayo namba, ikafuata onyo, kwa sababu ndivyo zilivyofika.

Kisha nikafunga mlango nikampigia mama, nikamsomea zote mbili, nikianza na ya chuo ili asianguke. Cherehani ilikuwa inanguruma nyuma yake, ikanyamaza. Nikasoma ya onyo: kwamba Sajenti aliyetajwa alibadilisha neno katika fomu rasmi kwa manufaa yake binafsi, kwamba kitendo hicho hakivumiliki kwa askari wa ngazi yoyote, na kwamba alikiri mwenyewe mbele ya jopo, bila kushurutishwa na mtu.

Mama hakupiga vigelegele. Nilisikia tu mkasi ukiwekwa mezani.

"Mama? Uko?"

"Niko." Sauti yake ilikuwa imelowa. "Hebu nisomee tena."

"Ya chuo?"

"Hiyo ya chuo nimesikia. Nisomee hiyo ya onyo, mwanangu. Pale mwishoni."